Mlango Umefungwa: Participio ya Kihispania na Deni la Mfasiri wa Kiswahili

Duka linapofungwa katika mitaa ya Deira, mjini Dubai, habari hiyo husemwa kwa namna kadhaa. Kibao cha Kiarabu mlangoni husema mughlaq. Mfanyakazi Mfilipino wa duka la jirani, akiulizwa na mwenzake, hujibu sarado. Mfanyabiashara aliyetoka Kariakoo au Mombasa kufuata mzigo huwageukia wenzake na kusema, "Pamefungwa." Jambo ni moja, na kila mmoja wao anaelewa kwamba safari ya kuja hapo imekuwa ya bure. Hata hivyo, maneno hayo matatu hayakujengwa kwa namna moja, na tofauti ya ujenzi wake inagusa swali ambalo wafasiri wa Kiswahili hulikwepa mara nyingi. Tendo likishatendwa, lugha hulifanya nini? Huligeuza likawa sifa ya kitu, au huliacha liendelee kuwa tendo lenye wakati na mwenye kulitenda?

Mughlaq ni kile ambacho wanasarufi wa Kiarabu hukiita ismu mafuuli, yaani jina la kilichotendwa. Sarado ni cerrado ya Kihispania, iliyoingia Ufilipino wakati wa utawala wa Hispania ulioanza 1565 na kukoma 1898, ikakaa katika Kitagalogi, kisha ikapanda ndege na watu waliokuja Ghuba kutafuta riziki. Pamefungwa si jina wala kivumishi. Ni sentensi kamili: ina mahali, ina hali ya tendo, ina mzizi wa kitenzi, na mwishoni ina alama ya kutendwa ambayo kwa adabu inamwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza, "Na nani?"

Nyuso mbili za neno moja

Kihispania huliita umbo hili participio. Kiswahili hakina istilahi iliyokubalika ya kuliitia. "Kitenzi kishirikishi" kimekwisha pewa kazi nyingine katika sarufi zetu, ile ya ni, si na kuwa. Basi jina la Kihispania na litumike kama lilivyo, kwa kuwa kitu chenyewe ni cha wenyewe.

Kanuni yake ya msingi ni nyepesi. Vitenzi vinavyoishia kwa -ar huchukua -ado, na vile vya -er na -ir huchukua -ido: cerrar huwa cerrado, vender huwa vendido, vivir huwa vivido. Vipo vichache vikaidi ambavyo mwanafunzi hana budi kuvihifadhi kichwani: abierto, escrito, hecho, roto, muerto. Ugumu hauko katika kuviunda maumbo haya, uko katika tabia yake, kwa sababu participio ina nyuso mbili, na kila uso una adabu yake.

Uso wa kwanza ni wa kivumishi. Hapa participio humtii jina kama mke mwenza anayefuata mila za nyumba: mlango mmoja, ambao kwa Kihispania ni wa jinsi ya kike, ni puerta cerrada, milango mingi ni puertas cerradas, kitabu, ambacho ni cha kiume, ni libro cerrado. Msemaji wa Kiswahili hashangazwi na jambo hili. Aliyezoea mlango uliofungwa, milango iliyofungwa na kitabu kilichofungwa anajua upatanisho ni nini, tena kwa ngeli nyingi kuliko jinsi mbili.

Uso wa pili ni wa nyakati ambatani. Participio huungana na kitenzi kisaidizi haber: he cerrado, nimefunga, había cerrado, nilikuwa nimefunga, habré cerrado, nitakuwa nimefunga, habría cerrado, ningekuwa nimefunga. Hapa utii wote hukoma. Iwe ni mlango mmoja au mia, awe mfungaji ni mwanamke au mwanamume, cerrado haibadiliki. Mzigo wa nafsi na wakati hubebwa na haber peke yake.

Historia inaeleza kwa nini. Wasemaji wa Kilatini cha baadaye waliunda kauli iliyomaanisha takriban "ninazo barua zilizoandikwa". Kilichomilikiwa kilikuwa barua, na uandikwaji ulikuwa sifa ya barua hizo. Polepole kumiliki kukafifia, tendo likasonga mbele, na kauli ikaishia kumaanisha "nimeandika barua". Katika Kihispania cha Zama za Kati participio bado iliweza kupatana na kile kilichotendwa. Baadaye upatanisho huo ukapotea. Mabaki ya hali ya kale yangalipo katika kitenzi tener: tengo escritas las cartas, "barua ninazo, zimekwisha andikwa", ambamo escritas bado inazifuata barua. Wakati uliotimia wa Kihispania, kwa maneno mengine, ni kivumishi kilichosahau kwamba kilikuwa kivumishi.

Kinachosafiri na kinachobaki

Dubai ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili kwa kuwa mikondo miwili ya historia inakutana hapo bila kufahamiana. Katika mkondo mmoja wamo Wafilipino wenye maneno ya Kihispania ndani ya lugha yao: sarado kwa kilichofungwa, prito kwa kilichokaangwa, plantsado kwa kilichopigwa pasi, pirmado kwa kilichotiwa saini. Katika mkondo wa pili wamo Waswahili: wafanyabiashara wa kuja na kurudi, wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, na familia zenye asili ya Zanzibar zilizohamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya 1964. Hawa nao wamebeba ndani ya Kiswahili chao maumbo ya kutendwa ya Kiarabu: maarufu, aliyejulikana, mashuhuri, aliyetangazwa, majeruhi, aliyejeruhiwa, mahabusu, aliyezuiliwa, maluuni, aliyelaaniwa, makusudi, kilichokusudiwa.

Ukiiweka mikondo hii ubavu kwa ubavu, inaonekana imefuata sheria moja. Kwanza, maneno yaliyokopwa yamesamehewa upatanisho. Kitagalogi husema sarado kwa mlango, duka na barabara, hata kama Mhispania angesema cerrada. Kiswahili husema mtu maarufu, kitabu maarufu, miji maarufu. Hakuna kimaarufu wala mimaarufu. Neno la kutendwa likivuka bahari huacha nyumbani adabu zake na hupokewa kama mgeni asiyelazimishwa kufuata desturi za wenyeji.

Pili, na hili ndilo kubwa, kilichovuka ni uso mmoja tu. Kitagalogi kilichukua cerrado ya kivumishi lakini hakikuichukua haber. Kiswahili kilichukua maarufu na majeruhi lakini hakikuchukua namna ya Kiarabu ya kusema kwamba mtu alikuwa amekwisha kutenda. Hata Kichavacano cha Zamboanga, ambacho msamiati wake mwingi ni wa Kihispania, hakikuzipokea nyakati ambatani: tendo lililotimia hutanguliwa na ya, neno ambalo katika Kihispania ni kielezi tu chenye maana ya "tayari". Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapo, kwa sababu anaijua mbinu hiyo. Nimekwisha, nimesha: ndiyo njia ile ile ya kuuambia ulimwengu kwamba jambo limepita, kwa kuazima neno la kumaliza badala ya neno la kumiliki.

Sababu haiko mbali. Kivumishi ni mzigo unaobebeka. Kinatiwa mfukoni na kutumika popote. Wakati ni sehemu ya nguzo za nyumba, na nguzo hazikopeshwi. Wareno waliofika pwani ya Afrika Mashariki 1498 na kuipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa 1698 walituachia hata kidogo kuliko hivyo: meza, bendera, leso, karata, gereza. Karibu yote ni majina ya vitu.

Lakini neno lililovuka peke yake hulipa nauli. Maarufu haina tena wajuzi. Hakuna anayeuliza anajulikana na nani. Maalumu, ambayo kwa Kiarabu ni "kilichojulikana", kwetu ni cha pekee, na kujulikana kumefutika. Mamluki, aliyemilikiwa, amekuwa askari wa kukodiwa, yaani mtu anayeuza mwenyewe kile ambacho zamani aliuziwa mwingine. Mfano mzito kuliko yote ni marehemu. Asili yake ni "aliyerehemewa", na ndani yake mna dua: anayeliita jina la maiti kwa neno hilo anamwombea kwa kusema kana kwamba rehema imekwisha teremka. Kihispania kina difunto, iliyotoka kwenye umbo la Kilatini lenye maana ya aliyekamilisha kazi yake. Lugha zote mbili zimemzika mtu ndani ya kivumishi cha kutendwa. Moja ilitaja rehema aliyoipokea, nyingine kazi aliyoimaliza. Anayeandika "marehemu" katika tangazo la gazeti leo hutenda kwa desturi, na kitenzi rehemu kimelala ndani ya neno bila kuamshwa.

Njia nne za Kiswahili

Ipo dhana iliyozoeleka kwamba Kiswahili ni maskini wa vivumishi, na kwamba kwa sababu hiyo mfasiri wa riwaya ya Kizungu hulazimika kurefusha. Sehemu ya kwanza ya dhana hii ni kweli kwa hesabu. Sehemu ya pili ni uvivu wa fikra, kwa kuwa pale Mhispania anapotumia participio moja, Kiswahili kina njia zisizopungua nne, na hazimaanishi kitu kimoja.

Njia ya kwanza ni ya vivumishi vilivyozaliwa na vitenzi kwa -fu na -vu: tulia na -tulivu, potea na -potevu, pungua na -pungufu, chakaa na -chakavu, kauka na -kavu. Said Ahmed Mohamed alipoiita riwaya yake Dunia Mti Mkavu alitumia njia hii, na nguvu ya kichwa hicho ni kwamba ukavu umekuwa tabia ya mti, si tukio lililoupata. Njia hii hupendelea vitenzi vya hali. Hakuna kivumishi cha namna hii kutokana na andika au funga. Kitu hakiwi na tabia ya kuandikwa.

Njia ya pili ni ya kutendwa pamoja na urejeshi: kilichovunjwa, uliofungwa, aliyepigwa. Kiambishi -w- hapa ni ushahidi. Kinasema yupo aliyetenda, hata asipotajwa.

Njia ya tatu ni ya kutendeka: kilichovunjika, kilichopotea, kilichochanika. Hapa mtenda hayupo kabisa, au msemaji hataki awepo. Kihispania hakina tofauti hii ndani ya participio yenyewe. Roto ni kikombe kilichovunjwa na mtu na pia kikombe kilichovunjika chenyewe. Mhispania anayetaka kutenganisha huna budi kumtazama jirani wa neno hilo, akitumia ser kwa tukio la kutendwa na estar kwa hali iliyobaki. Muerto ni aliyekufa, lakini katika maandishi fulani ni pia aliyeuawa. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuchanganya kufa na kuuawa hata akiwa na haraka. Shaaban Robert aliijua nguvu ya njia hii ya tatu. Kusadikika, kilichotolewa 1951, na Kufikirika kilichofuata baada ya kifo chake, ni nchi zilizoitwa kwa vitenzi vya -ika: zinasadikika na kufikirika bila ya kutajwa anayesadiki wala anayefikiri. Nchi hizo haziko mahali popote, na sarufi ya majina yake imesema hivyo kabla ya ukurasa wa kwanza.

Njia ya nne ni -me-. Wanaisimu hulihusisha umbo hili na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, mzizi ambao bado unasikika ndani ya maliza. Ni hapa, si kwingineko, ambapo Kiswahili kimeziweka pamoja nyuso mbili za participio. "Alikuwa amelala" ni hali, alikuwa usingizini, ambapo Mhispania angesema estaba dormido. Lakini "alikuwa amelala saa nane" ni tendo lililotimia, ambapo angesema había dormido. Kihispania hutenganisha kwa kubadilisha kitenzi kisaidizi, Kiswahili huiachia sentensi nzima iamue. Tena katika nyakati ambatani zetu kila kitenzi hutaja nafsi yake: a-likuwa a-melala. Mtenda hutajwa mara mbili, wala hakuna kipande cha kauli kinachoachwa bila mwenyewe, kama cerrado inavyoachwa nyuma ya haber.

Sasa fundo lenyewe. Kiswahili sanifu hakiruhusu -me- kubeba kirejeshi ndani yake. Hutasema "umeofungwa". Ukitaka kuigeuza "mlango umefungwa" iwe sifa ya mlango, huna budi kuchagua kati ya "mlango ambao umefungwa", ambao ni mzito, na "mlango uliofungwa", ambao umebadilisha -me- kuwa -li-. Na -li- ni wakati uliopita. Mlango uliofungwa jana huenda leo umefunguliwa. Puerta cerrada haina shaka hiyo: mlango umefungwa, na bado umefungwa msomaji anapoufikia. Kila mara mfasiri anapoandika -liyo- au -lio- kwa mazoea, anaisukuma hali iliyopo mbele ya macho na kuifanya habari ya zamani.

Haki inataka isemwe kwamba njia hii ya -li- ina faida yake. Mlango uliofungwa una mizani nane kamili, kipande kizima cha mshororo wa shairi la arudhi, na si ajabu kwamba sikio la Mswahili linaupenda. Lakini kile kinachopendeza sikioni si lazima kiwe ndicho kilichosemwa.

Vichwa vinne

Fasihi ya Kihispania ya karne ya ishirini imejaa vichwa vilivyosimama juu ya participio, na kila kimoja ni mtihani kwa Kiswahili.

Tuanze na hadithi fupi ya Julio Cortázar, Casa tomada, iliyotoka kwa mara ya kwanza 1946 katika jarida la Buenos Aires lililokuwa likihaririwa na Jorge Luis Borges. Kaka na dada wanaishi katika nyumba kubwa ya urithi. Sauti zinasikika katika sehemu moja, wanaiacha sehemu hiyo na kuufunga mlango mzito. Zinasikika katika sehemu nyingine, wanatoka nje kabisa, wanafunga mlango wa mbele na kuutupa ufunguo. Aliyeitwaa nyumba hatajwi. "Nyumba Iliyotwaliwa" ni tafsiri sahihi ya maneno na hafifu ya maana, kwa sababu inasikika kama kumbukumbu ya kesi ya mirathi. "Nyumba Iliyotwalika" ingemfuta kabisa mtwaaji, na hadithi ingepoteza hofu yake, ambayo inatokana na kuhisi kwamba yupo. Kinachofaa ni kuitoa participio katika urejeshi na kuirudisha katika sentensi: Nyumba Imetwaliwa. Hapo -me- inasema kwamba hali inaendelea, na -w- inasema kwamba yupo mtu, au kitu, upande wa pili wa mlango.

Kichwa cha pili ni Las venas abiertas de América Latina cha Eduardo Galeano, 1971. Mfasiri mwepesi angeandika "Mishipa Iliyo Wazi". Wazi ni neno zuri, lakini halina mkono ulioshika kisu. Kitu kinaweza kuwa wazi tangu kuumbwa. Galeano anaeleza karne tano za bara lililotolewa fedha, sukari, shaba na mafuta, na wanaotoa wanatajwa. Kiswahili kina kauli za kubeba mashtaka ya namna hiyo. Azimio la Arusha la 1967 lilizungumzia kuonewa na kunyonywa kwa vitenzi vya kutendwa, na msomaji aliyelelewa na lugha hiyo, lugha ya Dar es Salaam ambako Walter Rodney alichapishiwa 1972 kitabu chake kuhusu Ulaya na kudumazwa kwa Afrika, angeielewa mara moja "Mishipa Imepasuliwa". Kuchagua wazi mahali pa imepasuliwa ni uamuzi wa kisiasa, hata kama aliyeufanya alidhani anatafuta kivumishi tu.

Cha tatu kinavunja kanuni hizi kwa upande mwingine. Kumbukumbu za Pablo Neruda, zilizochapishwa 1974, mwaka mmoja baada ya kifo chake, zinaitwa Confieso que he vivido. Hapa participio imo ndani ya wakati ambatani. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini mazungumzo ya kila siku hupendelea wakati uliopita sahili, kwa hiyo he vivido ya mshairi wa Chile ina uzito wa makusudi: maisha yote yamekusanywa na kuletwa mbele ya hakimu. "Nakiri Kwamba Nimeishi" inaonekana nyepesi kuliko zote, mpaka inaposikilizwa. Mswahili akiambiwa "nimeishi" husubiri kuambiwa wapi, na miaka mingapi. "Nimeishi Dubai miaka kumi" humaanisha kwamba msemaji bado yuko Dubai. Lugha inao msemo wa kula chumvi nyingi, lakini huo humsifu mzee kwa umri wake, ilhali Neruda anakiri kama mshtakiwa asiyejutia kosa. Pengine dawa ni kuiacha nimeishi iwe tupu na ya ajabu, bila mahali wala muda, msomaji asubiri kile kisichokuja. Si kila pengo katika tafsiri linahitaji kuzibwa.

Cha nne ndicho kigumu. Crónica de una muerte anunciada ya Gabriel García Márquez, 1981, inasimulia kuuawa kwa Santiago Nasar, kijana wa Kolombia mwenye asili ya Kiarabu, mikononi mwa ndugu pacha ambao wamewaambia karibu watu wote wa mji kwamba watamuua. Anunciada imebeba kashfa yote ya kitabu: jambo lilitangazwa kabla, na hakuna aliyelizuia. Andika "Kifo Kilichotangazwa", na msomaji wa Afrika Mashariki atasikia redio. Kwetu kifo hutangazwa baada ya kutokea, pamoja na jina la marehemu, mahali pa maziko na majina ya ndugu. Tangazo letu ni la adabu. Tangazo la pacha wale ni kosa la mji mzima. "Kilichotabiriwa" nayo haitoshi, kwa kuwa pacha hawakutabiri, walikusudia. Tatizo liko pia katika kifo chenyewe, kwani muerte ni neno pana, nasi tunajua kwamba huyu hakufa, aliuawa. Mfasiri akithubutu kuandika Mauaji Yameshatangazwa, atakuwa amepata kwa -mesha- kile ambacho Kihispania kilikipata kwa anunciada: tangazo limetimia, mauaji bado hayajasemwa kuwa yametimia, na katikati ya vitu hivyo viwili umesimama mji wenye masikio.

Vichwa vya sentensi si ugeni katika Kiswahili. Amezidi na Kitumbua Kimeingia Mchanga, tamthilia za Said Ahmed Mohamed, vimesimama juu ya -me-. Aliyeonja Pepo ya Farouk Topan inaonyesha kwamba urejeshi nao ukichaguliwa kwa sababu, si kwa mazoea, hupendeza. Wandishi wetu wanaoandika moja kwa moja katika Kiswahili wamekuwa wakiijua njia hii muda wote. Ni wafasiri wanaoisahau, kwa kuwa macho yao yameelekea kwenye kivumishi cha lugha ya pili na yanatafuta mfano wake.

Mfungwa, mahabusu, makful

Ingewezekana kusema kwamba haya ni mambo ya vyumba vya semina. Dubai yenyewe inakataa. Katika nchi za Ghuba uhusiano wa mhamiaji na mwajiri wake umejengwa kwa muda mrefu juu ya mfumo wa kafala, ambao sheria zake zimerekebishwa mara kadhaa lakini ambao maneno yake yangali vinywani. Mwenye kudhamini ni kafil. Mwenye kudhaminiwa ni makful. Neno la pili ni ismu mafuuli ya kawaida, ndugu wa maarufu na mahabusu. Mtu mzima mwenye jina, kijiji na watoto anaingizwa katika umbo la kutendwa, na umbo hilo linakuwa hadhi yake.

Kiswahili kinajua namna mbili za kumtaja mtu aliyetendwa, na tofauti yake ni kubwa. Mfungwa na mahabusu wote wako nyuma ya nondo. Katika matumizi ya mahakama zetu mfungwa amehukumiwa, mahabusu bado anasubiri. Lakini sikio linasikia jambo la ziada. Ndani ya mfungwa kitenzi kiko hai: amefungwa, na nani, kwa kosa gani, mpaka lini? Ndani ya mahabusu kitenzi hakisikiki, kwa kuwa hatukukikopa pamoja na neno. Makful kwa Mswahili ni ya aina ya mahabusu: imefunga mdomo. Mdhaminiwa ni ya aina ya mfungwa: inadai jibu. Mjakazi wa nyumbani anayejiita kwa neno la kwanza amepokea jina la hali. Anayejiita kwa neno la pili ameanza, hata bila kukusudia, kumtaja mtu wa pili katika mkataba.

Lugha yenyewe iliwahi kuonyesha jinsi uzi huu ulivyo mwembamba. Kutokana na kitenzi kimoja, tuma, Kiswahili kilizaa majina mawili ya mtu aliyetumwa. Moja liliishia kwa -e, kwa umbo la kale lililotupa pia mteule na kiumbe, likawa mtume. La pili liliishia kwa -wa, likawa mtumwa. Wote wawili wametumwa. Mmoja ametumwa na Mungu kwa watu, mwingine ametumwa na mtu kama chombo, na kilichowatenganisha katika sarufi ni silabi ya mwisho.

Kwa hiyo mfasiri anapoifikia participio ya Kihispania, swali la kwanza si kivumishi gani cha Kiswahili kinalingana nayo. Swali ni kama hali bado inaendelea, na kama yupo aliyeileta. Kihispania kinaweza kuyaacha maswali hayo mawili yalale ndani ya cerrada, tomada, abierta. Kiswahili huyaamsha, kwa sababu sarufi yake inamlazimu msemaji kuchagua kati ya -me- na -li-, kati ya -w- na -k-. Anayeona katika ulazima huo umaskini wa lugha hajauangalia vizuri mlango wa duka kule Deira. Mughlaq na sarado zinatosha kumrudisha mteja. Pamefungwa inamrudisha pia, lakini inamwachia njiani swali la nani aliyefunga.